Delai ya tribinali imepita, dada bado anaweza kuongeza jambo kwa kesi?

SWALI: Jambo yaya. Dada yangu mukubwa iko Marekani, anafanya kazi kwa kiwanda cha nyama, na ameshitaki patro wake tribinali ya federali juu ya ubaguzi wa rangi, matusi na kunyimwa masaa. Hana avoka, anajiandikia mwenyewe. Mwisho wa kubadilisha mashitaka ilikuwa tarehe 15 mwezi wa 3, alinitumia foto ya karatasi ya hakimu, ile tarehe ameizungushia biki nyekundu. Sasa huu mwezi wa 5 ndio kampuni imemupa makaratasi aliyoomba, anaona wazungu walioingia nyuma yake wanalipwa kumupita. Anataka kuongeza hilo la mshahara. Watu wa kanisa wanamwambia peleka tu, hakimu atakuhurumia ju huna avoka. Ni kweli?
Msomaji, Bagira, Bukavu

JIBU: Hapana mudogo wangu, asipeleke ivo tu. Mashitaka mapya bila ruhusa, delai imeisha kupita, yatatupwa. Kukosa avoka kunafanya hakimu asome maandishi yake kwa upole, lakini tarehe inabaki tarehe.

Wengi wanajua Rule 15 tu, kanuni ya tribinali za federali juu ya kubadilisha mashitaka, ile inasema ruhusa itolewe bila uchoyo kama haki inadai. Lakini tarehe ya hakimu ikishapita unapita kwanza kwa Rule 16, kanuni ya tarehe zinazopangwa na hakimu, yenyewe inadai sababu nzuri, na hapo hakimu anaangalia zaidi kama ulikimbia ao ulilala, hata kama umeonewa kweli. Apa kwetu tumezoea rimizi, kesi inasogezwa leo na kesho tena, kule asitegemee ivo.

Na njo maana mi naona dada yako iko na nguvu. Hesabu za mshahara zilikuwa kwa kampuni, angezijua wapi? Aandike siku kwa siku: aliomba lini, walimujibu nini, yalifika lini, na imeli zote aziambatanishe. Kama aliomba mwezi wa 1 wakamuzungusha mpaka wa 5, iyo ndio sababu yenyewe. Lakini akingoja mpaka wa 8 ataulizwa ile miezi 3 alikuwa wapi, na apo sioni jibu, kwa iyo afanye wiki hii, tafadhali. Amuulize kwanza avoka wa kampuni kama anakubali, tribinali nyingi zinataka ivo, kisha apeleke ombi pamoja na mashitaka mapya yameandikwa yote.

Kinachoangusha watu pia ni EEOC, ile ofisi ya serikali ya Marekani inayopokea malalamiko ya ubaguzi kazini. Kwa sheria ya 1964 ubaguzi unapita kwanza pale, ndani ya siku 180, ao 300 kama jimbo liko na ofisi yake ya mambo hayo, na kama kule alilalamikia matusi na masaa tu kampuni itasema lalamiko la mshahara halikupita pale. Ila kwa rangi kuna sheria ya zamani, ya 1866, wanaiita Section 1981 (iyo ni namba ya kifungu, si mwaka), haidai kupita EEOC. Aiweke ndani.

Muulize aliomba yale makaratasi siku gani. Kama ni mbele ya ile tarehe ya biki nyekundu, ombi lake lianze na iyo siku, mustari wa kwanza kabisa.