Mkaa na gesi: usianze na kilo

Mdogo wangu, umeuliza kama kwenye tasnifu yako ulinganishe athari za kimazingira za kilo moja ya mkaa na kilo moja ya gesi ya kupikia. Usifanye hivyo. Mimi nilianza hivyohivyo, nikapoteza miezi miwili.

Tathmini ya mzunguko wa maisha ya bidhaa, yaani kuhesabu athari zake toka malighafi hadi mwisho wa matumizi, kwa viwango vya kimataifa vya ISO 14040 na 14044 vya mwaka 2006, inakutaka kwanza utaje kazi ambayo bidhaa inafanya. Anayepika anachotaka ni maharage yaive. Kwa hiyo kipimo chako kiwe joto linaloingia kwenye sufuria. Kilo ya mkaa ina takriban megajuli 29 za nishati; jiko likifikisha robo tu, sufuria inapata 7 hivi. Kilo ya gesi ina takriban 46. Jiko lake likifikisha nusu, ni 23. Hapo kilo moja ya gesi inafanya kazi ya kilo tatu na ushee za mkaa. Na tanuri la udongo likitoa kilo 15 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu, mkaa huo umekula kuni kilo 21 hivi. Ukibadilisha jiko, hesabu yote inasogea, kwa hiyo ikokotoe tena kwa ufanisi wa chini na wa juu.

Kilichoniumiza zaidi ni data. Wachoma mkaa niliowatembelea upande wa Kilosa walinijibu kwa magunia, nami nikaandika magunia. Niliporudi na mizani ya kuning'iniza, gunia la kwanza lilikuwa na kilo 52. La pili, lumbesa iliyofungwa kwa kamba na majani juu, kilo 81. Kwenye daftari langu kila moja lilikuwa "gunia 1". Pima mwenyewe, na unyevu wa kuni pia, maana mti uliokatwa jana umebeba maji mengi.

Mipaka ya utafiti ianzie porini. Ndani ya tanuri hewa ni haba, kwa hiyo moshi unatoka na methani, ambayo hupasha dunia joto takriban mara 27 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi kwa miaka 100, na takriban mara 80 ukihesabu miaka 20. Ukianzia kwenye banda la muuza mkaa, moshi huo wote umeuacha nje. Gesi nayo ifuate toka kisimani, melini, hadi mtungini, usiionee wala usiipendelee.

Swali gumu kuliko yote ni la mti. Mmoja wa wale wachomaji alikuwa anasafisha shamba la ufuta. Miti ingekatwa hata asingechoma mkaa. Mzigo wa msitu uliopotea aubebe nani, mkaa au ufuta? Kwingine nilikuta visiki vya miombo vimeshachipua hadi kiunoni, na hapo kaboni inarudi taratibu. Mimi nilikokotoa mara mbili: mzigo wote kwa mkaa, kisha nikaugawa kati ya mkaa na ufuta. Majibu yalipishana mno, na nikayaweka yote mawili kwenye jedwali moja. Msimamizi wangu alitaka namba moja. Nilikataa, na hadi leo naona nilifanya sawa.