Wakili aliyewahi kuitetea bima: nimpe kesi yangu ya kuumia kazini?

SWALI: Niliumia mgongo nikiinua mzigo kazini. Nimeelekezwa kwa wakili wa kesi za fidia, lakini nasikia zamani alizitetea kampuni za bima. Shemeji yangu anasema huyo ni mtu wao, bora nimchukue wakili wa jinai anayemfahamu, ambaye "hajawahi kushindwa". Nifanyeje?

JIBU: Muulize huyo wa kwanza kama aliwahi kumtetea mwajiri wako au kampuni ya bima inayomhudumia. Kama ndiyo, ana wajibu wa kukwambia, na huenda asiruhusiwe kuichukua kesi yako. Kama hapana, historia yake ni mtaji kwako, maana anajua bima huzitafutia wapi sababu za kukataa.

Kinachonikera ni hilo la "hajawahi kushindwa". Nalisikia kila mara, na linawaumiza watu. Kesi ya fidia haitafuti nani mkosaji. Tangu Ujerumani ilipotunga sheria yake mwaka 1884, na Uingereza mwaka 1897, mfanyakazi aliyeumia kazini hahitaji kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Hodari wa kumbana shahidi kizimbani hapo hana kazi kubwa. Mambo huamuliwa na karatasi: ajali iliripotiwa lini, jeraha limetokana na kazi au la, ulemavu ni asilimia ngapi.

Chukua mgongo wako. Daktari akiandika "pingili zimechakaa kwa umri" akaishia hapo, bima itashikilia sentensi hiyo. Wakili aliyezoea kesi hizi atamwandikia daktari yuleyule: je, kuinua mzigo ule kuliizidisha hali hiyo? Sheria za nchi nyingi humlipa mtu ambaye kazi imemzidishia tatizo la zamani. Daktari hakukosea, ila hakuna aliyemuuliza. Wakili asiyezijua kesi hizi hatajua kwamba swali hilo lipo.

Basi uliza kazi yake ya kila siku ni ipi, na uhakikishe jina lake limo kwenye orodha rasmi ya mawakili wenye leseni. California na Florida zina hata cheti cha ubingwa wa fidia za wafanyakazi, na hakipatikani bila mtihani.

Ila wanaonitisha zaidi ni vishoka wanaozunguka wodini na fomu mkononi, wakiahidi kiasi cha pesa kabla hata ripoti ya daktari haijasomwa. Wanapenda malipo ya mkupuo kwa sababu nao huchukua chao papo hapo. Hawakwambii kwamba mara nyingi ukishatia saini makubaliano ya namna hiyo, madai yamefungwa: mgongo ukihitaji upasuaji baada ya miaka miwili, gharama ni yako. Katika majimbo mengi ya Marekani ada ya wakili wa fidia lazima iidhinishwe na hakimu au bodi, na kishoka hawezi kupita huko. Akikuletea karatasi yenye nafasi tupu, usitie saini, hata kama ameletwa na ndugu.