Jibu: Ile mistari ya "Hardware Error" kwenye seva ya Linux

Mkuu, umeuliza kama ule mstari wa "mce: [Hardware Error]" (kerneli, yaani kiini cha Linux, ikiripoti hitilafu ya kifaa) unaojirudia kwenye dmesg, orodha ya ujumbe wa kerneli, unaweza kutafsiriwa kwa maneno yanayoeleweka. Unaweza. Sakinisha rasdaemon, programu inayofuatilia hitilafu za mashine, iwashe, halafu andika `ras-mc-ctl --errors`. Inapokea tukio kutoka kwenye kerneli, inalifasiri na kulitunza katika SQLite (hifadhidata ndogo ya faili moja), hivyo hata seva ikizima na kuwaka, kumbukumbu ipo. Hiyo mcelog uliyoshauriwa, programu ya zamani ya kazi hiyohiyo, imepitwa na wakati, achana nayo.

Ila hata kwa macho tu mstari huo unasomeka. Tazama namba ya hali iliyo kwenye huo wako: 8c00004000010090 (ni ya mfumo wa heksadesimali, ndiyo maana ina herufi). Tarakimu ya kwanza ikiwa 8, 9, c au d, kosa limesharekebishwa na mashine yenyewe. Ukiona a, b, e au f, halikurekebishika. Hapo kimbilia bakapu kwanza, maswali baadaye. Tarakimu nne za mwisho, 0090, kwenye prosesa yako ya Intel maana yake ni kosa la kusoma RAM, chaneli 0 (njia ya kwanza kati ya prosesa na RAM). Kwa hiyo usikimbilie kununua prosesa.

Kazi iliyobaki ni kujua ni kijiti kipi cha RAM. Kwa bodi nyingi, rasdaemon haijui majina ya nafasi za RAM yaliyochapwa kwenye bodi mpaka uyaandike katika faili ndani ya /etc/ras/dimm_labels.d, kisha `ras-mc-ctl --register-labels`. Mimi niliwahi kuona uvivu hapo. Nikachomoa kijiti kisicho na kasoro, kibovu nikakiacha ndani, saa nane usiku nikaitwa tena.