Kabla ya Kulalamikia Daraja, Uliza Jalada Lako Lina Nini

Mwalimu wa shule ya serikali nchini Tanzania akiajiriwa kwa cheti huanzia ngazi ya mshahara ya TGTS B, mwenye stashahada TGTS C na mwenye shahada TGTS D. Nililochelewa kulijua mimi, niliyeanza na cheti, ni kwamba suala la kupanda daraja, yaani cheo, linapofika mezani kinachosomwa ni jalada, faili lako la utumishi, peke yake.

Mwaka 2016 upandishaji wa vyeo ulisitishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti vya kughushi. Ulipofunguliwa tena, wenzangu niliosaini nao mkataba siku moja walipata barua, mimi nikakosa. Nilinung'unika ofisini kwa walimu muhula mzima ndipo nikapanda basi kwenda halmashauri. Afisa utumishi alilifungua jalada mbele yangu: barua ya ajira ilikuwemo, vyeti vilikuwemo, hata ruhusa za ugonjwa nilizokwisha kuzisahau, lakini barua ya kuthibitishwa kazini haikuwemo. Nakala yangu ilikuwa nyumbani, ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro.

Tangu siku hiyo sipeleki karatasi yoyote bila nakala ya pili iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji kazi wa watumishi uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa OPRAS, ninajaza kazi zangu kwa wakati na kumkumbusha mwalimu mkuu azipitishe, maana kazi uliyoifanya vizuri lakini haikupitishwa huhesabika kama haikufanyika. (Kumkumbusha mkubwa wako kunahitaji adabu na uvumilivu, mimi huenda asubuhi, kabla ya gwaride.)

Anayetaka kujiendeleza aombe ruhusa ya mwajiri kabla ya kuripoti chuoni. Nimewaona waliohitimu shahada kimyakimya, kisha wakahangaika kubadilishiwa muundo, yaani kuhamishiwa ngazi ya elimu yao mpya, kwa sababu masomo yao hayakuwa na ruhusa. Aliyechelewa bila kosa lake naye afuatilie upandishaji wa mserereko, uliowekwa ili walioachwa nyuma wawafikie wenzao.

Barua ikija, usifurahie cheo tu. Soma tarehe ya kupanda, kisha ulinganishe na mwezi ambao mshahara mpya umeonekana kwenye hati ya malipo. Tofauti yake ni malimbikizo, na hudaiwa kwa maandishi. Yangu yalikuwa ya miezi saba, na niliyadai kwa kuambatisha hati zote saba.