Maswali ya Wasomaji: Sheria Ilikotoka na Mafungu Yake

SWALI: Shuleni tulifundishwa kwamba Hammurabi ndiye aliyetunga sheria za kwanza duniani, na kwamba sheria zake zilikuwa za "jicho kwa jicho" tu. Je, ni kweli?

JIBU: Hapana, si lile wala hili. Sheria za Ur-Nammu, mfalme wa Ur, mji wa kale ulioko Iraki ya leo, zimezitangulia za Hammurabi kwa takribani miaka 300, na humo aliyemjeruhi mwenzake kwa kawaida alilipa kwa madini ya fedha, hakung'olewa kiungo. Hammurabi alitawala Babeli katika karne ya 18 kabla ya Kristo. Jiwe lake jeusi, refu kupita mita 2, lilifukuliwa Susa, mji wa kale ulioko Iran ya leo, mwaka 1901 na sasa liko katika makumbusho ya Louvre, Paris. Wataalamu wameyagawa maandishi yake katika vifungu 282.

Jicho kwa jicho imo, lakini kwa aliyeumizwa akiwa mtu wa tabaka la juu. Akiwa mtu wa kawaida, mkosaji alilipa mina moja (kipimo cha uzito) ya fedha; akiwa mtumwa, nusu ya bei yake. Vifungu vya wajenzi navyo vinafaa kusomwa kwa makini. Nyumba ikianguka na kumuua mwenye nyumba, mjenzi anauawa. Ikiharibu mali tu, mjenzi anailipa mali hiyo na kuijenga nyumba upya kwa gharama yake. Adhabu na fidia zimekaa mahali pamoja, hazijatenganishwa. Kutenganishwa kwake kulikuja baadaye, na ndiko kunakowasumbua watu wengi mpaka leo, kama swali la tatu linavyoonyesha.

Kwa nini sheria ziliandikwa? Roma inatupa jibu zuri. Watu wa kawaida walilalamika kwamba sheria walizijua makuhani na wakuu peke yao, wakazitafsiri wapendavyo. Mwaka 451 kabla ya Kristo ikaundwa kamati ya watu 10, na matokeo yake yakawa Mbao Kumi na Mbili, zilizowekwa hadharani. Ubao wa kwanza haukuanza na wizi wala mauaji. Ulianza na namna ya kumwita mtu mahakamani. Waroma walielewa mapema kwamba haki usiyojua pa kuidai haikufai kitu.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kwa nini nchi nyingine jaji hutafuta jibu kwenye kesi za zamani, na nyingine hutafuta kwenye kitabu cha sheria?

JIBU: Kwa sababu ya njia mbili za historia. Ya kwanza inatoka kwa Justinian, mfalme wa Roma ya Mashariki, aliyeagiza sheria za Kiroma zikusanywe na kupangwa kati ya miaka 528 na 534. Vyuo vya Ulaya, kuanzia Bologna, vilizifufua, na mwisho wake ni makusanyo makubwa kama yale ya Ufaransa ya 1804 na ya Ujerumani yaliyoanza kutumika 1900. Huko jaji anaanzia kwenye kifungu.

Njia ya pili ni ya Uingereza. Henry wa Pili, aliyetawala kuanzia 1154, alituma majaji wake wazunguke nchi nzima, na maamuzi yao yakazaa sheria moja ya wote. Huko uamuzi wa mahakama ya juu unaifunga ya chini. Siku hizi nchi hizo nazo zina sheria nyingi za bunge, na bunge linaweza kuifuta kanuni ya majaji.

Wanafunzi hukosea hapa: wanadhani kila neno la hukumu linafunga. Linalofunga ni ile sababu ya kisheria iliyoamua kesi. Chukua Donoghue dhidi ya Stevenson, 1932. Mwanamke alidai kwamba chupa ya kinywaji alichonunuliwa na rafiki yake ilikuwa na konokono aliyeoza. Hakununua mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na mkataba na mtu. Majaji watatu dhidi ya wawili walisema mtengenezaji ana wajibu wa kumjali mtumiaji wa mwisho hata pasipo mkataba. Kama konokono alikuwamo kweli, mahakama haikuamua kamwe! Unaposoma kesi, andika mambo manne: yaliyotokea, swali la kisheria, jibu, na sababu ya jibu. Maoni ya pembeni yaweke kando, yanashawishi tu.

SWALI: Aliyenitapeli amefungwa, lakini sijalipwa hata senti. Haki iko wapi?

JIBU: Pole sana. Kesi iliyomfunga ni ya jinai: dola (yaani serikali) dhidi yake, na wewe humo ulikuwa shahidi. Ushahidi ulitakiwa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka ya maana, na mwisho wake ni adhabu. Faini nayo huenda kwa dola. Fedha zako ni suala la madai: wewe dhidi yake, na inatosha kuonyesha kwamba dai lako lina uzito kuliko utetezi wake. Ndiyo maana mtu anaweza kuachiwa kwenye jinai na bado akashindwa kwenye madai.

Uliza kwanza kama mahakama ya jinai inaweza kuamuru fidia. Nchi zinazofuata mfumo wa Ufaransa humruhusu aliyeumizwa kuunganisha dai lake humohumo. Isipowezekana, omba nakala ya hukumu iliyothibitishwa, orodhesha hasara moja moja pamoja na risiti au mikataba, mpelekee barua ya madai yenye kiasi na siku ya mwisho ya kulipa, kisha fungua kesi ya madai.

Madai mengi mazuri hufa kwa sababu ya ukomo wa muda. Mtu husubiri jinai iishe, kumbe siku za kufungua madai zinahesabika. Usidhani zimesimama, uliza mapema. La pili ni kumshtaki asiye na mali. Hukumu ya madai hukaziwa kwa kukamata mali au mapato ya mdaiwa, kwa hiyo chunguza anamiliki nini kabla hujalipa ada ya kufungua kesi.