Gitaa la Saini: Legeza Skrubu, Usitoboe Mbao

Umepata gitaa la umeme lenye jina la msanii mashuhuri, na pikapu zake (vifaa vinavyonasa mtetemo wa nyuzi na kuugeuza kuwa umeme) hazikuridhishi. Ndilo tunaloliita gitaa la saini. Kabla ya kushika bisibisi, jiulize swali moja: kazi hii ikinishinda au nikiichoka, naweza kurudisha gitaa lilivyokuwa kwa jioni moja, bila alama kwenye mbao wala kwenye rangi? Jibu likiwa ndiyo, endelea. Likiwa hapana, tafuta gitaa jingine la kulifanyia kazi hiyo. Mengine yote yaliyomo humu ni matawi ya swali hilo.

Tuchukue Stratocaster (kwa kifupi Strat) ya mpiga gitaa Eric Clapton, kwa sababu inaonyesha karibu kila tatizo. Watengenezaji wake, Fender, waliitoa mwaka 1988, na ndiyo Stratocaster yao ya kwanza ya saini. Za mwanzo zilikuja na pikapu za Lace Sensor. Kuanzia 2001 zikawekewa Vintage Noiseless. Ndani kuna saketi ya betri ya volti 9 inayoweza kupandisha sauti za kati kwa desibeli 25. Daraja lake, yaani pale nyuzi zinapoishia mwilini, ni la tremolo, la kuyumbisha sauti kwa mkono, lakini limezuiwa lisicheze kwa kipande cha mbao, kama Clapton anavyopenda.

Kuna kichekesho hapa. Gitaa maarufu zaidi la Clapton mwenyewe, Blackie, lilikuwa la kuungaunga: alichukua vipande vya Strat tatu kati ya zile alizonunua Nashville mwaka 1970. Mwaka 2004 likauzwa kwenye mnada wa Christie's kwa dola 959,500. Watu hupenda kuutaja mfano huo kutetea kila tundu wanalotoboa. Aliyenunua Blackie alilipia mikono iliyolipiga. Bisibisi yako na yangu haziongezi senti.

Pia si kila gitaa la saini ni la makumbusho. Modeli iliyotengenezwa kwa miongo mingi, mwaka baada ya mwaka, ni gitaa zuri la kazi lenye jina kichwani. Zinazotafutwa ni za miaka ya mwanzo, zilizobaki na kila kitu chake, na matoleo ya idadi maalumu yenye namba na cheti. Mfano wa kundi hili la pili ni nakala za Frankenstein, gitaa la mpiga gitaa Eddie Van Halen, 300 tu, zilizotoka 2007 kwa bei ya dola 25,000. Hilo usiliguse kabisa. Badilisha nyuzi, futa vumbi, basi.

Kwa yaliyobaki, kazi inayoleta tofauti kubwa kwa madhara madogo ni kubadilisha pikapu, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kosa ni kuchomoa pikapu moja moja kwa kuyeyusha lehemu za kiwandani. Mnunuzi anayejua kazi hufungua gitaa na kutazama lehemu kwanza. Ya kiwandani ina umbo na rangi yake. Iliyoyeyushwa na kurudishwa huonekana, hata ukiwa fundi hodari, na ikishaonekana kila kitu kingine kinatiliwa shaka. Dawa yake ni kununua bamba la mbele jingine lililokwisha fungwa pikapu, swichi na potensiometa (vidhibiti vya sauti vinavyozungushwa), kisha kubadilisha bamba zima kwa zima.

Kwenye Strat ya kawaida ya kisasa bamba hushikwa na skrubu 11. Legeza nyuzi zote, au zitoe kabisa. Usijaribu kupenyeza bamba chini ya nyuzi zilizokaza, utachuna rangi. Weka kitambaa laini juu ya mwili, inua bamba na ulilaze kifudifudi. Utaona waya tatu tu zinazoliunganisha na gitaa: mbili za soketi ya kebo na moja ya ardhi inayokwenda kwenye kishikio cha springi za tremolo. Kwenye ya Clapton soketi ina waya wa ziada, kwa sababu kuchomeka kebo ndiko kunakowasha betri. Hizo ndizo lehemu pekee utakazoyeyusha. Piga picha kila waya na rangi yake kabla hujagusa, kwa mwanga wa kutosha na kwa karibu.

Chuma cha kulehemu cha wati 40 kinatosha. Watu huogopa chuma chenye nguvu na kuchukua kidogo cha wati 15, halafu wanakishikilia muda mrefu hadi joto linatambaa na kuyeyusha ganda la waya. Joto la kutosha kwa sekunde mbili au tatu ni salama kuliko joto dogo kwa sekunde ishirini. Funika rangi ya gitaa pembeni. Tone moja la lehemu likidondoka ni kovu la kudumu. Soketi nzima, ukiweza kupata nyingine ya kuweka badala yake, iache na waya zake za zamani na uihifadhi pamoja na bamba la asili. Hapo utabaki na lehemu moja tu ya kuyeyusha, ile ya ardhi.

Onyo kuhusu saketi ya betri. Wapo wanaotaka kubaki na saketi ya Clapton lakini waweke pikapu za kawaida za koili moja, wakitafuta sauti ya miaka ya hamsini. Pikapu ya koili moja hunasa mngurumo wa umeme wa ukutani, na saketi haijui kutofautisha mngurumo na muziki. Ukiifungua hadi mwisho inakuza vyote viwili. Ndiyo maana gitaa hili limekuwa na pikapu zisizo na kelele tangu mwanzo. Ukitaka koili moja, weka bamba lisilo na saketi. Na usijaribu kupima pikapu kwa multimita kupitia kebo kama unavyofanya kwenye gitaa lisilo na betri: utakuwa unapima saketi, si pikapu. Pima kwenye waya za pikapu zenyewe.

Betri itoe kila unapoliweka gitaa kwa zaidi ya wiki chache. Ikivuja, majimaji yake hula shaba bila huruma.

Kukisia umri wa vipande vya ndani, soma namba zilizogongwa mgongoni mwa potensiometa. Tarakimu tatu za kwanza ni mtengenezaji. 137 ni CTS. Nyingi za zama hizo hufuatiwa na mbili za mwaka na mbili za wiki, kwa hiyo 1378823 ni CTS, wiki ya 23 ya 1988. Hiyo ni tarehe ya potensiometa, si ya gitaa; inaweza kuwa imekaa ghalani miezi. Lakini potensiometa ya 1994 ndani ya gitaa la 1988 inakwambia kuna mtu alishapita humo.

Kuhusu vikazia nyuzi, kipimo ndicho hakimu. Vya kisasa vingi huhitaji tundu la milimita 10; vya mtindo wa zamani wa Kluson hukaa kwenye tundu dogo zaidi. Kupanua tundu kichwani ni kosa lisilorudi. Zipo aina za kisasa zenye kufuli zinazoingia kwenye tundu na skrubu zilezile za zamani; ukikosa hizo, acha. Mara nyingi nyuzi hazitoki kwenye sauti sahihi kwa sababu ya vikazia bali kwa kuwa zinakwama kwenye mifereji midogo pale kichwa kinapoanzia. Unga wa penseli kidogo kwenye mifereji hiyo, bei yake haifiki popote.

Tremolo ya Clapton unaweza kuifungua: toa kile kipande cha mbao, rekebisha springi, umemaliza. Kipande kihifadhi. Kuchonga mwili ili kuweka Floyd Rose, aina ya tremolo yenye kufuli, hapana. Hata kwenye gitaa lisilo la saini ningefikiria mara mbili.

Shingo ya kufungwa kwa skrubu nne ni bahati. Strat ya mpiga gitaa Yngwie Malmsteen, nayo ya 1988, ina ubao wa freti (vipande vya chuma vilivyokingama shingoni) uliochimbwa katikati ya freti, na watu wengi hawauwezi. Usiujaze wala usiupige msasa. Funga shingo nyingine. Unaporudisha skrubu, zungusha kwanza kinyume taratibu hadi usikie ikidondoka kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Ukiilazimisha itachonga njia mpya, na baada ya mara tatu nne tundu linakuwa unga. Shingo iliyotolewa legeza kidogo chuma chake cha ndani, kwa kuwa hakuna nyuzi za kuvutana nacho, na uihifadhi mahali pakavu.

Freti ni kama tairi: zimewekwa ziishe. Kuzisawazisha si dhambi, na kuzibadilisha zikichoka kabisa hakumshangazi mnunuzi mwenye akili, ilimradi kazi iwe safi. Ila usiruhusu fundi apige msasa kichwa chenye saini "kukisafisha kidogo".

Rangi usiiguse. Kwa magitaa ya miaka ya 1950 na 1960, kanuni ya mitaani kwa wafanyabiashara ni kwamba kupaka upya hukata karibu nusu ya thamani, na magitaa ya saini ya karibuni hufuata mkondo huohuo. Likiwa na rangi ya nitro (laka ya nitroselulosi), angalia pia stendi: mpira wa stendi nyingi huila rangi hiyo na kuacha madoa ya kunata. Funga kitambaa cha pamba.

Saini ya wino ya msanii mwenyewe ni jambo la pembeni, na ni jepesi kupotea kuliko chochote. Mkono wa kupiga huifuta, na dawa ya kung'arisha huifuta upesi zaidi. Ikiwa iko kwenye bamba, toa bamba, lifunge kwa karatasi isiyo na asidi, piga gitaa na bamba jingine.

Vipande vyote vilivyotolewa, pamoja na skrubu zake, viingie kwenye mfuko mmoja wenye lebo. Ukiwa Mombasa, Tanga au Unguja weka na vifuko vya kunyonya unyevu, kwa sababu springi na skrubu za pwani hushika kutu hata ndani ya sanduku. Usiuze pikapu za asili peke yake ati zimekaa bure. Ukishaziuza gitaa halitarudi tena. Siku ya kuuza, rudisha kila kitu kama kilivyokuwa, mwambie mnunuzi lehemu zipi ziliguswa, na umpe picha ulizopiga kabla ya kufungua.