Mafuta ya Cherehani Yanatosha: Ninavyotunza Beringi za Skeitibodi Hapa Pwani

Juzi kijana mmoja wa Malindi ameniandikia: "Kaka, skeitibodi yangu inapiga kelele sana. Niliipulizia ile dawa ya kopo, WD-40, ikanyamaza, lakini siku chache baadaye kelele zikarudi na sasa zimezidi. Nitie mafuta gani?" Nimeona nimjibu hapa, wote msome, kwa sababu swali hilohilo nilikuwa nalo mimi nilipoanza kuteleza Mombasa, na hakuna aliyetaka kunijibu.

Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Waliotutangulia walikuwa na vichupa vyao vya ng'ambo. Mtu anatoa chake mfukoni, anadondosha tone, anakirudisha. Ukimuuliza anakwambia, "Hiyo huipati huku." Nilikwenda duka moja la vifaa vya michezo nikatajiwa bei ya kichupa kidogo cha namna hiyo, nikashukuru, nikatoka.

Aliyenisaidia hajawahi kupanda skeitibodi maishani mwake. Ni mzee fundi wa nguo, jirani yetu, ambaye kila asubuhi kabla ya kushona hutia mafuta cherehani yake. Nilimpelekea beringi moja, kile kiduara cha chuma kinachokaa ndani ya gurudumu na kulifanya lizunguke. Akaishika kwa vidole viwili karibu na sikio, akaizungusha polepole, kisha akanirudishia. "Mwanangu, hii haina shida ya mafuta. Hii ni chafu. Kaioshe, ndiyo uje nikupe mafuta."

Nikaenda kuifungua. Beringi zetu karibu zote ni za namba 608: tundu la milimita 8, kipenyo cha nje milimita 22, unene milimita 7. Kila gurudumu lina mbili, kwa hiyo skeitibodi nzima ina nane. Ukibandua kifuniko cha mpira kwa ncha ya pini, ukianzia ukingo wa ndani, utaona gololi saba zimeshikwa na kizuizi cha plastiki. Katika ile yangu gololi hazikuonekana. Palikuwa na tope jeusi, na nilipolifikicha kwa kidole nikasikia chembe za mchanga. Mafuta yakichanganyika na mchanga wa pwani huwa kama jiwe la kunolea: kila gurudumu likizunguka, chuma kinalika.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Malindi, kabla ya kuuliza mafuta gani, osha. Mimi natumia mafuta ya taa kwenye kopo lenye kifuniko. Natia beringi zilizofunguliwa, natikisa, namwaga yale meusi, narudia mpaka yatoke safi. Fanyia nje, mbali na jiko na sigara. Spiriti ya duka la dawa nayo inafaa, ila nyingi huwa ya asilimia 70 na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji, kwa hiyo usiache beringi zikajikaukia zenyewe kivulini. Zifute, zianike juani, uzitie mafuta siku hiyohiyo. Chuma kitupu kwenye hewa yetu ya chumvi hakikawii kushika kutu.

Hiyo WD-40 usiitupe, lakini ijue kazi yake. Ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu, na hata herufi zake zinatokana na kazi hiyo ya kufukuza maji. Sehemu kubwa yake ni kiyeyushi. Inapoingia kwenye beringi inaiyeyusha grisi iliyokuwamo, kisha yenyewe inapeperuka na kuacha utando mwembamba tu. Ndiyo maana yako ilinyamaza halafu ikalia zaidi. Ukinyeshewa, ipulizie kufukuza maji, kisha tia mafuta ya kweli.

Sasa mafuta yenyewe. Mepesi, kama ya cherehani, yanaruhusu gololi kukimbia, lakini hayakai sana, kwa hiyo utaosha na kutia tena mara kwa mara. Grisi ni nzito, hukaa muda mrefu na husaidia kuzuia maji na vumbi. Wengi wanaikataa kwa sababu wakizungusha gurudumu kwa kidole linasimama upesi. Kipimo hicho kinadanganya. Beringi kavu isiyo na tone la mafuta ndiyo inayozunguka muda mrefu kuliko zote mkononi, na ndiyo inayokufa mapema. Ukishasimama juu yake na uzito wako wote, tofauti ya grisi nyepesi na mafuta huwezi kuihisi sana.

Mimi nikiteleza Mama Ngina Waterfront, upepo wa bahari usoni, napaka grisi nyepesi kidogo sana. Nikisafiri kwenda kwenye zege safi, natia mafuta ya cherehani. Tone moja dogo, upande ulio wazi unaoonyesha gololi, nazungusha, nafuta yanayovuja. Likizidi linaita vumbi. Mafuta ya kupikia usiyaguse, yanageuka gundi. Ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Nairobi ni baridi kuliko hapo. Namba za ABEC zinazoandikwa kwenye beringi zinahusu usahihi wa vipimo, hazikuchagulii mafuta.

Mwezi uliopita nilipanda Nairobi, nikateleza uwanja wa Shangilia kule Kangemi, uliojengwa mwaka 2013 kwenye makao ya watoto. Magurudumu yangu hayakutoa sauti. Vijana wakaja kuuliza ninatumia kichupa gani cha ng'ambo. Nikawatolea mafuta ya cherehani, nikakaa nao chini tukafungua beringi zao moja baada ya nyingine. Nilifurahi kuliko siku yoyote niliyofanikiwa kuruka ngazi. Na ninyi mnaojua, fundisheni wadogo zenu. Mchezo wetu bado ni mdogo huku, ukimficha mwenzio jambo la tone la mafuta unauua.

Kijana wa Malindi, ukishaosha na kutia mafuta, zungusha kila beringi karibu na sikio kama alivyofanya yule mzee. Ile itakayoendelea kukwaruza ujue gololi zake zimechimbika, na hakuna mafuta yatakayoirudisha. Nenda duka la spea, ulizia 608 2RS, yenye vifuniko vya mpira pande zote mbili. Huwa inakuja na grisi yake ndani. Iache hivyo, ifunge, uteleze.